Jina la Msomaji Daftarini: Kuhakiki Tunu Mpya za Ukutubi Kutoka Kawale

Mwezi Januari 2024, Baraza la Chama cha Wakutubi cha Marekani, kinachojulikana kwa kifupi kama ALA, lilipitisha maelezo mapya ya tunu za msingi za ukutubi. Maelezo ya awali, yaliyopitishwa mwaka 2004, yalikuwa na tunu 11. Mwaka 2019 ikaongezwa ya 12, yaani uendelevu. Maelezo mapya yana tunu tano tu: upatikanaji wa maarifa, usawa, uhuru wa fikra pamoja na faragha, manufaa ya umma, na uendelevu.

Katika insha hii nahakiki badiliko moja tu kati ya hayo. Faragha ya msomaji, ambayo mwaka 2004 ilikuwa na mahali pake yenyewe, sasa imeingizwa ndani ya uhuru wa fikra. Nadai kwamba badiliko hilo limeipunguza faragha, na kwamba watakaoumia zaidi ni wasomaji ambao hatari yao haitokani na kile wanachosoma bali na mahali walipo. Wasomaji wa aina hiyo wapo wengi hapa Kawale, mtaa wa Lilongwe ninakoishi.

Huenda mwenzangu akauliza: kwa nini tushughulike na maandishi ya Wamarekani? ALA haina mamlaka juu ya rafu hata moja ya Malawi. Ni kweli. Lakini fani ya ukutubi haikuwahi kufungwa na mipaka. Kanuni tano za S. R. Ranganathan, zilizochapishwa India mwaka 1931, zinafundishwa hadi leo katika vyuo vya Afrika, ile ya kila msomaji na kitabu chake ikiwa miongoni mwao. Maelezo ya ALA nayo husomwa darasani na kunukuliwa katika miongozo ya maktaba za nchi nyingine. Zaidi ya hayo, mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili. Kazi niliyofundishwa ni kusoma maandishi na kuuliza kila neno limewekwa wapi na kwa nini. Maelezo haya ni maandishi kama mengine.

Tuanze na maneno yenyewe. Maelezo ya 2004 yalisema mambo mawili kuhusu faragha: kwamba ni ya lazima kwa uhuru wa fikra, na kwamba ni msingi wa maadili na utendaji wa ukutubi. La pili halikutegemea la kwanza. Hata kama uhuru wa fikra usingetajwa kabisa, mkutubi bado angedaiwa kutunza faragha, kwa sababu ndivyo kazi yake ilivyo. Maelezo ya 2024 yamebaki na lile la kwanza. Yanaieleza faragha kama kinga ya uhuru wa fikra, ili kila mtu ajenge mawazo na maoni yake bila kufuatiliwa. Faragha imekuwa mlinzi aliyesimamishwa mlangoni. Mwenye nyumba ni uhuru wa fikra.

Si lazima iwe hivyo. Kanuni za maadili za Shirikisho la Kimataifa la Vyama na Taasisi za Maktaba, IFLA, za mwaka 2012, zimeipa faragha sehemu yake, pamoja na usiri na uwazi. Kwa hiyo kuiweka chini ya tunu nyingine ni uamuzi uliofanywa na watu, nao una matokeo.

Wanaotetea badiliko wana hoja zenye nguvu. Orodha ya mambo 12 haikariki. Baadhi yake ilirudia nyingine: huduma, wajibu kwa jamii na manufaa ya umma vilikaribiana mno. Mfanyakazi wa maktaba anayebanwa na wanasiasa wanaotaka vitabu viondolewe rafuni anahitaji maneno machache ya kushika, na orodha ya tano inashikika. Isitoshe, historia inaonyesha kweli kwamba faragha na uhuru wa fikra hutembea pamoja.

Malawi yenyewe ni ushahidi. Mwaka 1968, miaka minne baada ya uhuru, ilitungwa sheria ya udhibiti wa machapisho na burudani, na chini yake vitabu vingi vilipigwa marufuku wakati wa utawala wa Kamuzu Banda. Jack Mapanje, mshairi na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Malawi, alichapisha diwani yake *Of Chameleons and Gods* mwaka 1981. Ilizuiwa nchini, na mwaka 1987 yeye mwenyewe akawekwa kizuizini bila kushtakiwa hadi 1991. Katika nchi ya namna hiyo, rekodi inayoonyesha nani aliazima kitabu gani ni ushahidi wa kosa. Ukiificha rekodi, umelinda fikra za msomaji. Kwa wasomaji wa miaka ile, maelezo ya ALA ya 2024 yangetosha kabisa.

Lakini hatari ya msomaji hubadilika, na Kawale ya leo inaonyesha hatari ya aina nyingine. Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali ambapo wakati wa Banda palikuwa na gereza la wafungwa wa kisiasa. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa ina watu zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, iliweka masharti kadhaa, likiwemo linalohusu uhuru wa mkimbizi kutembea na kuchagua mahali pa kuishi. Kwa msimamo wa serikali, mkimbizi anapaswa kukaa kambini. Hata hivyo kwa miaka mingi watu wengi walitoka Dzaleka kuja Lilongwe kufungua maduka, kushona, kunyoa, kuuza nguo na kusomesha watoto. Machi 2023 serikali iliagiza wote warudi kambini, na Mei mwaka huo polisi wakaanza kuwakusanya mitaani na madukani.

Tangu hapo, swali la hatari kwa mtu wa Kawale si «unasoma nini?» Swali ni «unakaa wapi?»

Kwa muda nilisaidia katika chumba kimoja cha kusomea hapa mtaani. Kina vitabu vichache vya Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa na Chichewa, meza mbili na daftari moja la kuazimia. Daftari limechorwa safu sita: tarehe, jina, uraia, namba ya simu, nyumba au mtaa, na jina la kitabu. Aliyelichora hakuwa na nia mbaya. Alitaka vitabu virudi, na alitaka kuwaonyesha wafadhili kwamba chumba kinatumika. Lakini nilipolisoma daftari lile kwa makini niliona kwamba safu tano za kwanza zinamhusu mtu, na moja tu inahusu kitabu. Ukiifuta safu ya sita, utabaki na orodha kamili ya wageni wa mtaa, pamoja na mahali pa kuwapata na saa wanazofika.

Wasomaji walilielewa hilo kabla yangu. Baba mmoja fundi cherehani, aliyekuja kuazima kitabu cha hesabu cha binti yake, aliniambia: «Mdogo wangu, kitabu nitarudisha. Lakini jina yangu usiandike.» Wengine waliandika jina moja tu, au jina la jirani Mmalawi aliyekubali. Mama mmoja aliacha kuazima kabisa, akawa anamtuma mtoto akae chumbani na kunakili kurasa kwa mkono. Hakuna hata mmoja aliyeficha kitabu. Hesabu za darasa la sita hazijapigwa marufuku na mtu yeyote. Walificha jina, mtaa na namba ya simu.

Tuyapime sasa maelezo ya 2024 kwa msomaji huyu. Yanasema faragha inalinda uhuru wake wa kujenga mawazo. Lakini mawazo yake hayafuatiliwi na mtu. Anayetafutwa ni yeye, mwili wake, nyumba yake. Mkutubi aliyefundishwa kwamba faragha ni kinga ya fikra anaweza kuifunika safu ya sita kwa bidii zote na kuiacha ya tano wazi, akiamini ametimiza wajibu. Huo ndio upungufu wa badiliko hili. Linamfundisha mkutubi kuilinda safu isiyohatarishwa.

Mtu asidhani hili ni jambo la wakimbizi peke yao. Kisa kinachotajwa mara nyingi Marekani kwenyewe kuhusu faragha ya maktaba kinathibitisha hoja yangu kuliko ya ALA. Mwaka 2005, idara ya upelelezi, FBI, ilipeleka barua kwa ushirika wa maktaba katika jimbo la Connecticut, ikidai taarifa za matumizi ya kompyuta. Barua iliambatana na amri ya kutomwambia mtu yeyote. Wakutubi wanne walikataa, wakaishtaki serikali, na mwaka 2006 serikali ikaachana na dai lake. Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa uhuru wa kusoma. Lakini kilichotakiwa katika barua ile ni taarifa za nani alitumia mtandao wa maktaba katika dakika 45 za siku moja ya Februari 2005. Swali lilikuwa nani alikaa wapi, saa ngapi. Ni safu za daftari la Kawale, zikiwa ndani ya kompyuta.

Na wasomaji wetu waliotoka Rwanda hawahitaji kwenda Connecticut kwa mfano. Wanajua kwamba vitambulisho vilivyoandikwa kabila, vilivyoanzishwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930, vilikuwa bado mifukoni mwa watu mwaka 1994. Aliyeviandika miaka sitini kabla hakuwa anapanga mauaji. Aliandika tu, na karatasi ikangoja. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo akikataa kuandika uraia wake kwenye daftari la maktaba, mkutubi asimwone mkaidi.

Kuna sababu ya pili, ya ndani ya fani yenyewe, inayonifanya nione kwamba faragha inapaswa kusimama peke yake. Tazama kila tunu inamwamuru mkutubi afanye nini. Upatikanaji unamwambia: fungua, toa, ongeza. Usawa unamwambia: hesabu ni nani hajafikiwa, mfuate. Manufaa ya umma yanamwambia: onyesha kwamba jamii inafaidika. Uendelevu unamwambia: tunza, panga, leta ushahidi wa matumizi ili huduma isife. Zote zinamtaka afanye zaidi, na nyingi zinamtaka aandike zaidi. Faragha peke yake inamwambia aache: asiandike, asihifadhi, asitoe.

Uhifadhi, uliokuwa tunu kamili mwaka 2004, nao umeondolewa mahali pake na kuingizwa ndani ya uendelevu. Hilo lina mjadala wake, hasa katika nchi ambayo maktaba ya Chuo Kikuu cha Mzuzu iliteketea kwa moto Desemba 2015. Ninalolitaja hapa ni moja. Orodha ya zamani iliweka uhifadhi na faragha katika karatasi moja, kila moja na jina lake, na hivyo mgongano wao ulionekana: mkutubi huyohuyo anayeambiwa atunze kila karatasi anaambiwa pia aziharibu baadhi. Msomaji wa orodha mpya hauoni mgongano huo. Tunu inayosema «acha», ikiwekwa chini ya tunu inayosema «fungua», haitasikika siku zinapogongana.

Sasa niingie katika lugha, kwa kuwa nadhani Kiswahili kina la kuchangia hapa. Tukitaka kuitafsiri tunu hii, maneno mawili huja haraka, siri na faragha. Siri ina kasoro. Anayeitunza siri yake huonekana ana jambo baya, na methali zetu zinamsukuma aitoe: mficha uchi hazai, mficha maradhi kilio humfichua. Ukimwambia askari kwamba maktaba ina siri za wasomaji, umeshamtia shaka. Faragha ni bora. Ni hali ya kuwa mahali bila kuingiliwa, na haimshuku mtu. Lakini faragha ni hali tu. Haisemi nani anawajibika kuileta.

Neno la tatu ndilo ninalolipendekeza: sitara, na kitenzi chake kusitiri. Mtu hujisitiri kwa nguo. Mwenyeji humsitiri mgeni. Jirani aliyeona aibu ya jirani yake akanyamaza, amemsitiri. Katika neno hili, wajibu unakaa kwa yule anayeona. Haliulizi kama anayesitiriwa anawaza nini, wala kama ana kosa. Linasema tu kwamba uliyemwona amekuja kwako bila kinga, nawe una kitambaa. Fundi cherehani aliponiambia nisiandike jina lake hakuwa anadai haki ya kujenga maoni. Aliomba asitiriwe.

Nimejadiliana jambo hili na wanafunzi wenzangu, na pingamizi tatu zimejitokeza. Ya kwanza ni ya kisheria: je, maktaba inayoacha kuandika mitaa ya watu haiwafichi wanaovunja sheria? Nadhani hapana. Sizungumzii kusema uongo wala kuharibu daftari polisi wakiwa mlangoni. Nazungumzia kutokuandika tangu mwanzo kile ambacho kazi ya kuazimisha haikihitaji. Katiba ya Malawi, katika kifungu cha 21, inalinda faragha ya kila mtu, bila kusema raia tu. Mwaka 2024 nchi ilipata pia sheria ya ulinzi wa data, na sheria za aina hiyo kila mahali hujengwa juu ya kanuni moja: chukua taarifa zinazohitajika kwa kazi husika, basi. Kuazimisha kitabu cha hesabu hakuhitaji uraia.

Pingamizi ya pili ni ya vitabu, nayo ni nzito zaidi. Vitabu vya Kiswahili Malawi ni vichache, na kimoja kikipotea huenda kisirudi tena rafuni. Bila jina na mtaa, tutamfuata nani? Zipo njia: msomaji apewe kadi yenye namba tu, aache amana ndogo, jina liandikwe kwa penseli na kufutwa kitabu kinaporudi. Maktaba nyingi za Marekani, baada ya sheria za usalama za 2001, zilipanga mifumo yao ifute uhusiano kati ya msomaji na kitabu mara kinaporejeshwa. Penseli na kifutio hufanya kazi ileile bila umeme. Lakini sitadai kwamba njia hizi hazina gharama. Vitabu vingine vitapotea. Nasema tu kwamba kitabu kilichopotea na msomaji aliyekamatwa kwa sababu ya daftari letu si hasara za uzani mmoja, na tunu za fani ndipo zinapotakiwa kusema ipi ni nzito.

Pingamizi ya tatu ni ya wafadhili. Wanataka takwimu: wanawake wangapi, watoto wangapi, Wakongo wangapi. Bila takwimu hakuna fedha, na bila fedha chumba kinafungwa. Hapa uendelevu na faragha vinagongana waziwazi. Jibu ni kutenganisha kuhesabu na kutaja. Karatasi yenye mistari, mmoja kwa kila aliyeingia, inatoa idadi bila jina la mtu. Na mfadhili akisisitiza apewe majina, mkutubi anahitaji tunu anayoweza kuitaja kwa jina lake anapokataa. Akitaja «uhuru wa fikra na faragha», ataulizwa, na kwa haki, orodha ya mahudhurio inazuia fikra ya nani. Hatakuwa na jibu, kwa sababu maelezo yake hayakumpa.

Kwa hiyo sipingi kufupisha orodha. Tano ni bora kuliko 12, na anayetaka kuziunganisha huduma na manufaa ya umma namuunga mkono. Napinga kuipima faragha kwa kipimo cha msomaji ambaye tatizo lake ni kitabu tu. Vyama vya wakutubi vya ukanda wetu vikija kuandika upya tunu zao, visiinakili ile ya tatu kama ilivyo. Viitenganishe. Na kama wataiandika kwa Kiswahili, ningependekeza sentensi hii: mkutubi humsitiri msomaji, haandiki kisichohitajika, hahifadhi kilichokwisha kazi yake, hatoi alichoaminiwa.

Sentensi hiyo haitaji fikra hata mara moja. Fikra zitalindwa nayo vilevile, kwa kuwa jina la kitabu ni mojawapo ya mambo yasiyohitaji kubaki daftarini. Lakini italinda pia mtaa, namba ya simu na saa ya kufika, ambavyo kwa wasomaji wa Kawale ndivyo vinavyoamua kama mtu ataingia maktaba au atapita mbali nayo.